Alama za Penseli kwenye Mwimo wa Mlango

Mwaka 2018, usiku wa mkesha wa Krismasi, kifungua mimba wetu alisimama mbele ya usharika akakariri habari ya wachungaji wa Bethlehemu bila kutazama kitabu. Alikuwa na miaka saba, na meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka wiki ileile. Mmoja wetu alikuwa ameketi benchi la pili akimbembeleza kitinda mimba, aliyekuwa bado mchanga. Mwenzake, ambaye ndiye mchungaji, alikuwa katika mtaa wa tatu wa usharika huohuo, mwisho wa barabara ya vumbi, akiongoza ibada ileile kwa mwanga wa taa mbili za sola. Alirudi saa sita usiku, akatoka tena alfajiri. Jioni ya tarehe 25, alipopata nafasi ya kuvua viatu, mzee mmoja wa kanisa alimletea simu akasema, "Baba Mchungaji, msikilize huyu." Akasikiliza mpaka mwisho. Picha ilikuwa ya giza, na sauti ilikuwa na kithembe kwa sababu ya pengo. Akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Watu wote sebuleni walicheka, naye akacheka pamoja nao. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ameshika sahani ya pilau.

Swali lile tumelibeba tangu siku hiyo. Katika nyumba ya mchungaji, sikukuu ndiyo siku ya kazi. Tumelipokea hilo tangu tulipooana, wala hatulalamiki. Daktari na dereva wa basi nao hawakai mezani saa sita mchana tarehe 25. Lakini watoto hukua hasa katika sikukuu. Siku za kawaida hukua polepole, hatuoni. Ifikapo Desemba, gauni la mwaka jana linatolewa sandukuni, tunakuta limekuwa blauzi.

Nyumbani kwa Bibi, huko Machame, upo mwimo wa mlango wa jikoni wenye alama za penseli. Babu, marehemu, alikuwa fundi seremala, na penseli ile ya fundi, bapa na nyekundu, haikutoka sikioni mwake. Kila tarehe 26 Desemba aliwasimamisha wajukuu wote mwimoni, akaweka rula juu ya kichwa, akachora mstari na kuandika mwaka. Kabla ya wajukuu alifanya hivyo kwa watoto wake mwenyewe. Alama ya mmoja wetu ya mwaka 1988 ipo, alipokuwa na miaka sita, nayo iko chini ya alama ya kitinda mimba wetu ya mwaka 2023, ambaye alikuwa na miaka mitano tu. Bibi anasema ni kwa sababu watoto wa siku hizi wanakunywa maziwa hovyo. Sisi tunakumbuka simulizi za miaka ile ya themanini, sukari ya foleni na kitambaa cha kugawana, tunaona mstari ule umeandika zaidi ya urefu.

Nyumba za usharika hazina alama za namna hiyo. Mchungaji akihama, nyumba hupakwa rangi kwa ajili ya anayekuja. Tumehamishwa mara tatu tangu kifungua mimba azaliwe, na kama si mwimo wa Bibi, kukua kwa watoto wetu kusingeandikwa popote. Hata pale kuna pengo: mwaka 2021 uhamisho uliangukia Desemba, tukawa tunafungasha vyombo badala ya kwenda mlimani. Mstari wa mwaka 2022 uko juu sana ya ule wa 2020, na katikati hakuna kitu.

Chuoni, katika somo la historia ya kanisa, tulimjua Martin Luther wa hoja 95 za mwaka 1517 na Luther wa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529. Luther baba wa watoto sita tulimjua baadaye, kwa kusoma barua zake tukiwa na watoto wetu magotini. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Waliishi Wittenberg katika jengo lililokuwa nyumba ya watawa, kubwa na la baridi. Katharina alilijaza wapangaji, wanafunzi, yatima wa ndugu, ng'ombe na nguruwe uani, na pombe aliyoipika mwenyewe. Johannes, waliyemwita Hans, alizaliwa 1526. Elisabeth alizaliwa Desemba 1527, akafariki Agosti iliyofuata. Magdalena alikuja 1529, kisha Martin, Paul na Margarete.

Mwaka 1530 wakuu wa Kijerumani waliitwa mbele ya Kaisari huko Augsburg, na hapo ndipo lilisomwa Ungamo la Augsburg ambalo wachungaji wetu hutajiwa wanapobarikiwa. Luther hakuweza kwenda. Alikuwa ametengwa na sheria ya dola, na nje ya eneo la mtawala wake angeweza kukamatwa. Akaachwa katika ngome ya Coburg, mpakani, kwa zaidi ya miezi mitano, akingoja habari kwa barua. Mapema mwezi Juni ilimfikia habari ya kifo cha baba yake. Siku hizohizo Katharina alimtumia kitu kutoka nyumbani: picha ya Magdalena, mwenye mwaka mmoja na mwezi.

Karani wake, Veit Dietrich, alimwandikia Katharina habari ya jinsi picha ile ilivyopokelewa. Daktari aliitazama muda mrefu asimtambue. Akaona mtoto ni mweusi mno. Baadaye, kadiri alivyozidi kuitazama, akaanza kumwona Lenchen wake ndani yake, akaibandika ukutani mbele ya meza waliyokuwa wakilia chakula.

Tuliposoma hayo kwa mara ya kwanza, mmoja wetu aliweka kitabu chini, mwenzake akauliza, "Kuna nini?" Kisha tukasoma pamoja. Si kwamba Luther hakumpenda mtoto. Aliondoka Wittenberg katika majira ya kuchipua Magdalena akiwa mtoto wa kubebwa. Mchoraji alichora uso ambao baba hakuwa ameuona ukibadilika. Mtu aliyewafundisha Wajerumani wote jinsi baba anavyopaswa kuwafundisha watoto wake mezani alikaa mezani na picha.

Barua nyingine ya siku hizo ilikwenda kwa Hans, aliyekuwa ametimiza miaka minne. Ni barua fupi ya habari ya bustani nzuri ambamo watoto wamevaa makoti ya dhahabu, wanaokota matofaa na cheri chini ya miti, na kuna farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Mwenye bustani amesema Hans anaweza kuja kama atapenda kusali na kujifunza, na rafiki zake wawili waje pia, na hata shangazi yao wa pale nyumbani. Hakuna neno moja la Augsburg. Hatujui barua nyingine ya karne ile ambamo mwanatheolojia anajishusha hivyo mpaka kimo cha mtoto, na tunadhani umbali ndio uliomfundisha.

Kuhusu Krismasi ya nyumba ile watu wanasimulia mengi, na si yote ya kuamini. Ipo picha maarufu ya Luther na familia yake wakiuzunguka mti wenye mishumaa. Imetundikwa katika nyumba nyingi za Kilutheri duniani. Ilichorwa na Carl Schwerdgeburth katika karne ya 19, miaka 300 baadaye, na mti ule ni wa enzi za mchoraji. Kwa uhakika zaidi tunajua habari ya wimbo. Mwaka 1535 kitabu cha nyimbo cha Wittenberg kilitoka na wimbo mrefu wa Krismasi wa Luther, wenye beti 15, uliotungwa kwa ajili ya watoto: malaika anatangaza, kisha watoto wanaitika na kwenda horini. Wakati huo Hans alikuwa na miaka minane hivi na Magdalena sita, umri wa igizo la Shule ya Jumapili. Kila anayeuimba leo katika sharika zetu anaimba kitu kilichotungwa kwa vimo vya watoto wale.

Msomaji angependa tuishie hapo. Sisi wenyewe tulipenda kuishia hapo kwa miaka mingi, mpaka tulipofika kwenye barua za mwaka 1542.

Septemba mwaka ule Magdalena aliugua. Hans alikuwa shuleni Torgau, naye alimpenda sana dada yake, hivyo Luther akatuma gari la farasi kumchukua. Hans aliwahi. Magdalena alifariki mikononi mwa baba yake tarehe 20 Septemba, akiwa na miaka 13. Hans akarudishwa shuleni.

Ikafika Krismasi. Kijana wa miaka 16, amezika dada yake miezi mitatu iliyopita, yuko mbali na nyumbani, naye analia. Anakumbuka kwamba mama yake, siku za msiba, alimwambia akiona mambo ni mabaya arudi. Anaomba kurudi. Tarehe 26 Desemba Luther alimwandikia mwalimu wa shule kwamba asimruhusu, kwa kuwa huo ni ulegevu. Siku iliyofuata alimwandikia Hans mwenyewe: ayashinde machozi hayo kiume, asimwongezee mama yake maumivu, Mungu amemweka pale asome. Mama alikuwa na maana ya ugonjwa mkubwa, si huzuni. Akiugua kweli, atoe taarifa mara moja.

Wapo wanaomtetea Luther hapa. Husema nyumba ilikuwa na msiba, safari ya baridi ni ya hatari, na shule ilikuwa gharama. Yote yawezekana. Lakini ni baba yuleyule wa bustani na farasi wenye hatamu za dhahabu, na ni mtoto yuleyule. Mtoto wa miaka minne alipata bustani. Wa miaka 16 akapata amri ya kunyamaza, tena Krismasi. Sisi hatumtetei. Tunamwelewa, jambo ambalo ni baya zaidi, maana tumewahi kusema maneno ya namna hiyo kwa kijana wetu wa kati alipolia kwa sababu baba hayupo kwenye igizo, naye alikuwa na miaka minane tu.

Miaka karibu 300 baadaye alikuwapo Hamburg kijana aliyeitwa Johann Hinrich Wichern. Alizaliwa 1808, baba yake akafariki yeye akiwa na miaka 15, naye akawa anafundisha watoto wa watu ili mama na wadogo zake wale. Akasoma theolojia. Akafundisha shule ya Jumapili katika mtaa maskini, akaingia katika nyumba za watoto wale, akaona wanavyoishi. Mwaka 1833 alifungua nyumba ya wavulana nje ya mji, iliyojulikana kama Rauhes Haus. Nyumba ilikuwa ndogo, na wengi wa wavulana walikuwa wa barabarani, wengine wezi. Hakuweka ukuta wala kufuli la gereza. Aliwagawa katika vikundi kama familia, kila kikundi na kaka mkubwa wa kuishi nao.

Watoto wale walikuwa na swali moja kila Desemba, na kila mzazi analijua: bado siku ngapi? Asubuhi bado ngapi, jioni bado ngapi. Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu la mkokoteni, akalitundika katika chumba cha sala, akapanga juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa myeupe minne kwa Jumapili za Majilio. Kila jioni waliwasha mmoja zaidi. Mtoto hakuhitaji kuuliza tena. Alitazama juu akahesabu. Majani ya kijani yaliongezwa baadaye, na mishumaa ikapungua mpaka kubaki minne, kwa kuwa si kila nyumba ina gurudumu na mishumaa zaidi ya 20.

Hilo ndilo shada la Majilio linalokaa karibu na madhabahu katika sharika zetu, na wengi hudhani ni amri ya kale ya liturujia. Kumbe mwanatheolojia mmoja alijibu swali la watoto wasio na wazazi wa kuwahesabia siku. Usharikani kwetu linafumwa na Umoja wa Wanawake kwa matawi ya misonobari, na umeme ukikatika Jumapili ya nne tunaimba kwa mwanga wake huohuo.

Baada ya kusoma habari hiyo tulitengeneza la kwetu nyumbani, kwenye ungo, kwa mishumaa ya dukani iliyokatwa vipande. Si zuri. Kitinda mimba ndiye mwenye kiberiti, chini ya ulinzi. Mchungaji akiwa mitaani, taa inawashwa saa moja jioni bila yeye, na hilo tulikubaliana tangu mwanzo, maana tungengoja mpaka wote walale.

Injili yenyewe inayo sikukuu ambamo wazazi hawakumwona mtoto akikua. Luka anaeleza kwamba Yusufu na Mariamu walikwenda Yerusalemu kila mwaka kwa Pasaka. Mwaka ambao Yesu alikuwa na miaka 12 walianza safari ya kurudi, wakatembea siku nzima, wakidhani yupo miongoni mwa jamaa na marafiki. Siku nzima! Mtu anayejua msafara wa Krismasi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, watoto wakipandishwa gari hili na lile, huyu kwa mjomba, yule kwa shangazi, hatashangaa sana. Walimpata siku ya tatu, hekaluni, akiwauliza walimu maswali. Mama akamwuliza kwa uchungu, naye akajibu kwa mshangao, na Luka anaandika wazi kwamba hawakuelewa jibu lile. Tumehubiri habari hiyo mara nyingi kama habari ya hekima ya mtoto. Siku hizi tunabaki kwenye ile siku moja ya njiani, walipokuwa na uhakika kwamba yuko karibu, na kwenye ule mstari wa mwisho wa sura, kwamba aliendelea kukua, kimo na hekima. Alirudi nao nyumbani akawatii, lakini hakuwa tena mtoto waliyemleta.

Krismasi iliyopita kifungua mimba wetu alikuwa na miaka 13. Alikuwa amemaliza Darasa la Saba, na Januari alikuwa anakwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Fomu ya kujiunga ilikuwa imebandikwa jikoni: godoro, tranka la bati, ndoo mbili, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Mmoja wetu alikuwa akiisoma fomu ile kila alipopika, mwenzake aliepuka kuingia jikoni. Tulijua Krismasi nyingine zitakuwapo, za likizo, lakini atakuja kama mgeni mwenye tarehe ya kurudi.

Tarehe 24 asubuhi, mchungaji alipokuwa anafunga sanduku la vyombo vya Chakula cha Bwana kwenye pikipiki, binti alitoka amevaa viatu vya safari.

"Baba, leo naenda na wewe."

"Ni mbali. Na kwaya ya watoto je? Mama yako anakutegemea."

"Kwaya nimeshakuwa mkubwa, naonekana mlingoti. Nimemwambia Mama. Amesema nikuulize wewe."

Mchungaji akamtazama mwenzake aliyekuwa dirishani. Kulikuwa na sababu kadhaa nzuri za kukataa, na moja wapo ilikuwa barua ya tarehe 27 Desemba 1542. Akamwambia apande, ashike sanduku vizuri.

Mtaa ule una kanisa la tofali lisilo na dari, na mbele yake umesimama mkrismasi mkubwa uliokuwa mwekundu wote. Mwinjilisti alikuwa amefagia maua yaliyoanguka, yakaanguka mengine. Watoto walikuwa wachache, na aliyepangwa kusoma Luka alikuwa na homa. Mwinjilisti akamwuliza binti yetu kama anaweza. Akasema anaujua. Alisimama akasema yote, toka amri ya Kaisari Augusto mpaka wachungaji waliporudi kwa mifugo yao, bila kitabu, kwa sauti nene kidogo kuliko tuliyoizoea. Baba yake alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale.

Saa hiyohiyo, kanisani usharikani, kitinda mimba wetu alikuwa kondoo katika igizo. Alisahau kulia "mee" palipotakiwa, akalia wakati wa sala. Video ipo.

Tarehe 26 tulipanda basi. Bibi alikuwa ametayarisha mtori, na penseli ya Babu ilikuwa juu ya kabati, imebaki fupi kama kidole gumba. Kijana wa kati alipimwa wa kwanza, kisha kitinda mimba, ambaye alinyanyua visigino akakamatwa. Kifungua mimba alisimama mwimoni, Bibi akapanda kigoda kuweka rula, akasema mtoto huyu amempita mama yake. Mama yake akaja kusimama karibu, mgongo kwa mgongo, tukaangalia. Ni kweli, kwa upana wa vidole viwili. Bibi akaandika mwaka, akatuuliza tarehe ya shule kufunguliwa.